Bangili Iliyotambaa Endulen

Katika darasa langu la biolojia mjini Babati kuna ukuta wa nyoka. Nimeubandika mwenyewe, picha moja baada ya nyingine, kwa miaka kadhaa. Yuko chatu wa Papua ambaye huzaliwa wa njano kama embe bivu, kisha akikua hugeuka kijani. Yuko nyoka wa visiwa vya Indonesia mwenye rangi ya bluu kama anga baada ya mvua. Yuko wa Amerika ya Kati aliye wa dhahabu tupu mpaka kwenye vimagamba vilivyosimama juu ya macho, na wa Amerika ya Kusini ambaye jua likimpiga, mgongo wake hucheza rangi zote za upinde wa mvua. Yuko na mwingine wa huko Amerika, mwenye mikanda myeusi, myekundu na ya njano. Wanafunzi wapya wakiingia hupiga kelele kwanza, kisha husogea.

Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha pili aliutazama ukuta huo kwa muda mrefu, halafu akaniuliza, "Mwalimu, hawa wazuri wote ni wa nchi za watu. Wa kwetu ni wa kuua tu?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la kumtosha siku Paskalina aliponipigia simu. Paskalina nilisoma naye chuo cha ualimu. Yeye ni Mwiraqw wa Mbulumbulu, na sasa anafundisha hukohuko kwao, juu ya Karatu.

"Rehema, yule nyoka wako wa ukutani, mweusi mwenye mikanda myekundu, bado unaye?"

"Yule wa Amerika? Ninaye."

"Basi ametokea Endulen, huko kwa Wamaasai."

Nilicheka. Akanikatiza. "Usicheke. Kuna mtu analia huku."

Mtu huyo ni Naserian, mama wa Kimaasai anayeleta shanga kwenye mnada wa Karatu, rafiki yake wa siku nyingi. Asubuhi moja baada ya mvua, Naserian aliona bangili imeanguka kwenye nyasi, mahali ambapo akina mama wa boma lao hukaa kutunga shanga. Aliinama kuiokota. Bangili ikatambaa. Alipowasimulia wenzake, hakuna aliyemwamini. Wifi yake ndiye aliyecheka kuliko wote, akasema mtu asiyeweza kutofautisha ushanga na mjusi, macho yake yamekwisha.

"Ni utani wa mawifi," nilisema.

"Ulianza kama utani. Naserian ana binti, Nasieku, anayeolewa, na yeye ndiye anayemtungia ushanga wa shingoni wa harusi. Sasa wanasema macho hayo yataharibu rangi, kazi ipewe mkono mwingine. Rehema, mama kunyang'anywa ushanga wa harusi ya mwanae! Anachotaka ni mtu mmoja tu aseme nyoka huyo yupo."

Sikuguswa na huruma peke yake. Maelezo yale yalilingana na nyoka ninayemfahamu kwa vitabu tu: mdogo, mpole, mwenye sumu, anayeishi chini ya udongo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki na kutoka mvua ikinyesha. Nilikuwa sijawahi kumwona akiwa hai. Likizo fupi ilikuwa imeanza. Nilifunga kamera, mabuti, fimbo yangu yenye ndoano, na bahasha ya picha kutoka ukutani.

Niliondoka Babati asubuhi kwa basi. Kiti cha pembeni alikaa kijana wa Singida aliyekuwa akienda Mang'ola kufanya kibarua cha vitunguu. Tulipopita Minjingu nilitoa picha zangu kuzipanga, naye akachungulia.

"Huyu wa bluu wamempiga rangi," alisema.

"Amezaliwa hivyo."

"Dada, mimi nimeona nyoka Singida kote. Wa bluu hakuna."

"Ndiyo maana nakuonyesha."

Tulipofika Mto wa Mbu, wauza ndizi walikuja dirishani na ndizi zao nyekundu. Kijana alinunua, akamenya moja, akaitazama tena ile picha ya nyoka wa dhahabu aliyejikunja kwenye tawi.

"Huyu ningemchuma," alisema akicheka. "Wallahi ningemchuma nikijua ndizi. Na kwenye vitunguu je? Hakuna mwenye rangi ya kitunguu?"

Nilimwambia wapo wenye rangi inayokaribia, na kwamba kabla ya kutia mkono kwenye rundo la vitunguu asubuhi, agonge kwanza kwa fimbo. Lakini maneno yake nilibaki nayo. Mtu wa ndizi ataona ndizi, mtu wa vitunguu ataona kitunguu. Macho ya Naserian pengine hayana tatizo lolote, niliwaza. Yamezoea shanga tu.

Baada ya Mto wa Mbu barabara inapanda ukingo wa Bonde la Ufa, na Ziwa Manyara linabaki chini kama sinia la bati. Juu, hewa inabadilika ghafla. Udongo unakuwa mwekundu, ngano na mahindi vinaanza.

Karatu tulishuka mchana. Pale kituo cha mafuta mvua ilikuwa imeacha dimbwi, na petroli kidogo imemwagika juu yake. Paskalina alinikuta nimechuchumaa naliangalia.

"Umeanza?" aliniuliza.

"Njoo uone. Unaona rangi hizi zinavyocheza? Petroli yenyewe haina rangi hizo. Ni utando mwembamba unaovunja mwanga. Yule nyoka wangu wa upinde wa mvua ndivyo alivyo. Ngozi yake ni ya kahawia, lakini juu ya magamba kuna utando kama huu."

"Watu wa Karatu watasema nimempokea mgeni mgonjwa. Simama twende."

Mbulumbulu tulilala kwa wazazi wa Paskalina, katikati ya mashamba ya maharage. Asubuhi, baba yake aliniita kwenye ua wa miti nyuma ya zizi. "Mwalimu, kuna mgeni wako."

Nyoka mwembamba wa kijani alikuwa amejinyoosha juu ya tawi, kijani ya jani jipya kabisa, na jicho lake kubwa lilitutazama bila kupepesa. Nyoka hana kope za kufumba. Nilimpiga picha nikiwa mbali, kwa sababu kule juu wa kijani wako wa namna zaidi ya moja, na mmoja wao ana sumu ya kuua. Kwa mbali si rahisi kuwatofautisha, na hakuna haja ya kuwatofautisha kwa karibu.

"Huyu ana ndugu yake wa bluu," mzee alisema. "Nilimkuta njiani, amekanyagwa na trekta."

Nilifurahi mno. "Baba, huyo wa bluu yawezekana ni huyuhuyu! Kijani cha baadhi ya nyoka ni njano iliyolala juu ya bluu. Akifa, njano huondoka kwanza. Inabaki bluu."

Mzee akamtazama tena yule wa tawini. "Kwa hiyo ukitaka kujua rangi yake, lazima umwache hai."

"Ndiyo, baba."

"Ni masharti mazuri," alisema, akarudi kwenye maharage yake. Nilimwona akigonga rundo kwa fimbo kabla ya kuliinua. Kumbe hakuhitaji kufundishwa na mimi.

Siku iliyofuata, baada ya taratibu za kuingia hifadhini kwenye geti la Lodoare, gari la abiria liliingia msituni. Ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa, na miti ilitokea mmojammoja pembeni, imevaa ndevu za kijivu. Kisha ukungu ukafunguka mara moja na kreta yote, lile shimo pana la volkano ya kale, ikawa chini yetu, kijani na dhahabu, na kivuli cha wingu kikitembea taratibu sakafuni. Abiria waliozaliwa huko waliendelea na mazungumzo yao ya mbuzi na bei. Mimi nilibaki nimebandika uso kwenye kioo. Paskalina alinigusa bega. "Funga mdomo, vumbi linaingia."

Tulizunguka ukingo, tukashuka upande wa Endulen. Huko ni chini kidogo, kuna joto zaidi, migunga na majani makavu. Nilifurahi, maana nyoka niliyemtafuta hapendi baridi ya kule ukingoni.

Naserian alitupokea mlangoni mwa boma. "Takwenya," nilimsalimia kwa Kimaasai nilichofundishwa njiani, naye akajibu "Iko" akicheka matamshi yangu. Ni mama mrefu, mwenye vidole vyembamba na sauti ya chini. Kabla hajatumiminia chai alinishika mkono.

"Mwalimu, Paskalina amekwambia?"

"Ameniambia."

"Wewe unafikiri niliona nini?"

Nilijibu ukweli. "Nafikiri nakijua ulichokiona. Lakini sitasema mpaka nikione na mimi."

Aliitikia kwa kichwa. Nadhani jibu hilo lilimpendeza kuliko kama ningemwambia namwamini.

Mchana akina mama walikaa kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotandazwa nje ya boma, kila mmoja na bakuli lake la shanga. Ushanga wa harusi ulikuwa mapajani mwa Naserian: duara pana la waya, mistari myeupe, myekundu, bluu, na machungwa kwenye pindo. Niliusogelea kutafuta kosa. Sikuona hata punje moja iliyopotea njia.

Wifi yake, Namunyak, alikaa mbele yangu. Yeye ndiye dada wa mume, mnene, mwenye kicheko kinachoanzia tumboni.

"Kwa hiyo Mwalimu umetoka Babati kuja kutafuta bangili ya wifi yangu?"

"Nimekuja kumtafuta nyoka."

"Ukimpata muulize alinunuliwa mnada gani." Wanawake wote waliangua kicheko. Naserian aliendelea kutunga, kichwa chini.

Nilitoa picha, na kicheko kikageuka. Walinyang'anyana nyoka wa bluu. Walibishana kama wa dhahabu angefaa kwa hereni. Nilipowapa yule wa Amerika mwenye mikanda myeusi, myekundu na ya njano, Naserian aliishika muda mrefu.

"Anafanana," alisema. "Ila wangu hakuwa na njano. Alikuwa mweusi, halafu waridi iliyochanganyika na machungwa, na kila waridi ina pindo jeupe pande mbili. Jembamba, punje moja."

Mtu anayeona pindo jeupe jembamba kwa nyoka anayetambaa, anaambiwa macho yamekwisha!

"Wa Amerika na wa kwenu ni wa ukoo mmoja," niliwaeleza. "Ukoo wa swila na koboko. Wana sumu wote. Lakini hawa wadogo ni watulivu, hawapendi kuuma. Ile mikanda ndiyo kusema kwao: niache nipite."

Namunyak aliirudisha picha. "Huyo ni wa karatasi, Mwalimu. Wa Endulen yuko wapi? Harusi haisubiri. Kesho baada ya kukamua, ushanga huu unahamia kwa mke wa mdogo wetu. Nasieku yule ni wa moyoni mwangu, sitaki achekwe."

Hapo nilielewa kwamba hakuwa na ubaya. Alikuwa anampenda binti yule kwa kelele, kama anavyofanya kila kitu. Naserian alitunga kwa haraka zaidi, kama mtu anayetaka kufika mbali kabla ya kesho.

Alasiri nilitembea na fimbo yangu kuzunguka kichuguu na mawe yaliyo karibu na ile ngozi. Udongo ulikuwa mkavu, umepasuka. Nyoka anayeishi chini ya ardhi hana sababu ya kutoka kwenye ukavu kama huo. Nilianza kumhurumia Naserian, na kidogo kujihurumia mwenyewe.

Kuelekea jioni upepo uligeuka. Wingu jeusi lilikuja kutoka upande wa Ziwa Eyasi, na matone makubwa yakaanguka kabla mtu hajamaliza sentensi. Mama wote waliruka pamoja. Mmoja alishika bakuli, mwingine waya, mwingine ngozi, wakakimbilia ndani wakipiga mayowe na kucheka, shanga zikimwagika njiani. Mimi nilibaki nje nimelowa, nimesimama kama mjinga, nafurahi.

"Ingia, Mwalimu!" Naserian aliniita.

"Mama Nasieku, siku ile ulipomwona, mvua ilinyesha jioni iliyotangulia?"

"Ilinyesha. Tulikimbia hivihivi."

"Na asubuhi mlifanya nini?"

"Tunachofanya siku zote. Tukaenda kuokota zilizoanguka."

Nadhani msomaji ameshaona nilichokiona mimi pale. Mvua inayowakimbiza akina mama na kuangusha shanga zao ndiyo mvua inayomtoa nyoka ardhini. Asubuhi yake, mahali palepale, mama wa shanga anatembea akiwa ameinama, anatafuta kitu chenye rangi kwenye nyasi. Kwingine kote duniani mtu angemwona nyoka. Hapa tu, kwa watu hawa tu, ni lazima aone bangili.

Kulipopambazuka nilikuwa tayari na mabuti. Ubaridi ulikuwa wa kuuma, nyasi zimejaa maji, ng'ombe wanapumua mvuke. Mama walitoka mmojammoja, wakaanza kuokota, wakizungumza kwa usingizi. Naserian alikuwa kulia kwangu. Paskalina alikuwa amejifunga blanketi mpaka puani. Namunyak alitangulia mbele, akiokota na kutupa maneno.

"Punje hii ya nani? Hii ya nani? Wifi, hata bangili nzima umeiacha mvuani! Halafu tukisema macho..."

Niligeuka. Alikuwa ameinama, mkono umenyooka. Mbele ya vidole vyake, kwenye nyasi fupi, kulikuwa na duara dogo: nyeusi, waridi, nyeusi, waridi, na kila waridi imetiwa pindo jeupe.

"Namunyak, mkono!"

Sijui kama alielewa neno au sauti. Mkono ulisimama hewani, karibu sana. Duara likafunguka. Kwa ubaridi ule nyoka hakuwa na haraka, alijinyoosha kiasi, akajibana mwili ukawa bapa, mikanda ikatanuka na kung'aa, kisha akaficha kichwa chini ya mkunjo wake mwenyewe kama mtoto mwenye haya.

"Rudi nyuma polepole," nilisema. "Hatakufuata. Vizuri. Hatua nyingine. Umefanya vizuri sana."

Namunyak alirudi mpaka akakaa chini, kwenye nyasi mbichi. Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja wa boma aliyekuwa na rungu alianza kusogea. Naserian alimzuia kwa kiganja tu, bila kumtazama.

Nami nilipiga picha moja baada ya nyingine. Ninawaambia kwa dhati, nimetazama nyoka wazuri wa dunia nzima kwenye karatasi, na hakuna aliyenigusa kama yule mdogo, hana urefu wa mkono wangu, akimeta kwenye umande wa Endulen. Machozi yalinitoka. Paskalina alisema ni baridi. Nilimwachia aseme hivyo.

Naserian aliingia ndani akatoka na kibuyu, akamwaga maziwa kidogo kwenye nyasi, mbali na nyoka. Aliniambia katika nyumba aliyozaliwa, nyoka aliyekuja kwa utulivu hafukuzwi kwa fimbo. Nyoka huyu hanywi maziwa, anakula mijusi, vyura na hata nyoka wenzake wadogo. Sikulisema hilo wakati ule. Maziwa yale yalikuwa yamewasimamisha watu wote mahali walipo, na hicho ndicho nyoka na watu walichohitaji. Kisha nilimtia kwa ndoano kwenye ndoo yenye mfuniko, tukampeleka kwenye mawe ng'ambo ya kijito, mbali na ngozi ya kutungia. Aliingia chini ya jiwe mkanda mmoja baada ya mwingine, mpaka waridi ya mwisho ikazama.

Tuliporudi, Namunyak alikuwa bado amekaa. Alimtazama Naserian.

"Wifi, na mimi macho yamekwisha?"

"Macho yako mazima, wifi. Pindo jeupe uliliona?"

"Niliona. Punje moja."

"Basi wote tunaona."

Kikaanza kicheko, kile cha tumboni, kwanza kidogo, kisha wanawake wote wakashikana mabega. Namunyak akainuka, akaingia ndani mwenyewe, akatoka na ushanga wa harusi. Aliuweka mapajani mwa Naserian kwa mikono miwili. "Maliza," alisema. "Na pindo lake ulitie waridi."

Njiani kurudi, kreta ilikuwa imefunikwa na ukungu na hatukuona kitu. Karatu niliagana na Paskalina kwenye kituo kilekile, dimbwi likiwa limeshakauka. Mfukoni nilikuwa na bangili ambayo Naserian aliitunga mbele yangu: nyeusi, waridi, pindo jeupe la punje moja.

Nimejifunza mengi, lakini la kuwaachia wasomaji wangu ni dogo. Rangi nzuri haitupi ruhusa ya kushika, wala haitulazimishi kuua. Ukiona kitu kizuri kwenye nyasi, acha mkono ubaki nyuma ya macho kwa muda kidogo. Na ikitokea umeumwa, tulia, usikate wala kunyonya jeraha, nenda hospitali.

Muhula ulipofunguliwa, niliibandika picha ya Endulen katikati ya ukuta. Bangili niliiweka mezani kwangu, nimeikunja duara. Yule msichana wa kidato cha pili aliingia wa kwanza. Mkono wake ulianza kwenda, ukasimama. Akaitazama bangili, akautazama ukuta, akarudi kwenye bangili. Wenzake walijazana nyuma yake, na hakuna aliyeigusa.

"Mwalimu," aliuliza, "huyu ni wa wapi?"

"Wa kwetu," nilimjibu.